Mkia wa Kabari

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mgongo, mimi na Mjomba Chande tulikuwa tukipita reli kuikagua. Mama alitukorogea uji wa muhogo, tukaunywa tumesimama mlangoni. Kisha Mjomba aliweka nyundo yake begani, mimi nikachukua ufagio wa chelewa, tukateremka mpaka kwenye majaruba ya chumvi.

Mwaka huo ulikuwa 1975. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano. Kijiji chetu cha Namkuwi kilikuwa kipya, hakijamaliza hata miaka miwili. Watu walikuwa wametoka huku na huko, wengine Mnazi Bay, wengine karibu kabisa na mdomo wa Ruvuma, wakajenga pamoja na kulima pamoja. Muhogo ulikuwa wa kijiji, mikorosho ilikuwa ya kijiji, na chumvi nayo ilikuwa ya kijiji.

Chumvi ilivunwa kwenye majaruba yaliyo nyuma ya mikandaa, ile mikoko ya ufukweni, na ghala lilikuwa kando ya barabara, mwendo wa maili moja hivi. Mwanzoni kina mama waliibeba kichwani wakikanyaga tope, maji ya chumvi yakiwachuruzika shingoni mpaka ngozi inachubuka. Ndipo wazee walipokwenda kuomba vipande vya reli ya zamani, ile iliyokuwa ikitoka Mtwara kwenda Nachingwea, ambayo ilikuwa imekwisha kung'olewa miaka mingi. Wakapewa reli, wakapewa mataruma ya chuma, wakapewa na toroli moja lenye magurudumu mazima. Watu wanne waliweza kusukuma toroli hilo likiwa na magunia kumi.

Mtu mmoja tu kijijini aliijua kazi ya reli, naye ni Mjomba Chande. Ujana wake wote aliumalizia kwenye genge la reli ile ya Nachingwea. Alikuwa kaka mkubwa wa mama yangu, na tangu baba yetu afariki yeye ndiye aliyetulea, mimi na kaka yangu Athumani.

Taruma la chuma, kwa asiyelijua, ni kama beseni refu lililofunikwa kifudifudi kwenye kifusi. Juu yake yametokeza masikio ya chuma, na reli inakaa katikati ya masikio hayo. Baina ya sikio na reli panabaki nafasi kidogo. Hapo ndipo inapopigiliwa kabari, kipande cha chuma chenye urefu wa kama shibiri moja, ili reli isicheze. Kila kabari ina kichwa na mkia. Kichwa ni upande mnene, ndio unaopigwa nyundo. Mkia ni upande mwembamba, ndio unaotangulia kuingia.

Nilikuwa nafagia tope na mchanga juu ya taruma, Mjomba akagonga kabari kidogo kwa juu na kusikiliza. Iliyokaza ililia kama kengele ndogo. Iliyolegea ililia kama sufuria iliyopasuka, naye akaikaza. Nilipomuuliza kwa nini kabari zote zimeelekea upande mmoja, alinijibu kwa maneno aliyoyazoea kwenye genge lao: "Mkia hufuata mzigo, mwipwa wangu." Nikaitikia nimeelewa. Sikumwuliza zaidi.

Macho ya Mjomba yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Hakuwaficha wanakijiji. Walipomkabidhi ile nyundo aliwaambia wazi kwamba masikio yake ni mazima lakini macho ni ya kuazima, na kwamba Jumamosi atakuwa anatembea na macho ya Somoe, yaani mimi. Watu wakacheka, Mwenyekiti wetu, Mzee Lipande, akasema basi Somoe naye ni mfanyakazi wa reli. Nilijiona nimerefuka siku hiyo.

Mwezi wa tisa tukaambiwa wageni wa mkoa watakuja kutazama kijiji. Watafika Jumamosi. Mwalimu Modesta, aliyetoka Songea na kutufundisha darasa la tano, alitupa wasichana kazi ya kubangua korosho za kuwaandalia. Kila mmoja alipimiwa pishi moja ya korosho zilizokwisha kukaangwa. Nzima zingekwenda kwenye sahani za wageni, zilizovunjika zingetiwa kwenye uji wetu wa shule. Ijumaa jioni kila mtu alete zake.

Mimi sikuwa na mkono wa kubangua. Nikipiga jiwe pole ganda halipasuki, nikiongeza nguvu kidogo korosho inakuwa unga. Jumatano tulikaa kivulini nyuma ya darasa, vidole vyeusi kwa masizi, na rundo langu la nzima lilikuwa halijai kiganja. Sharifa alilitazama, akawageukia wenzake.

"Sisi tunabangua, Somoe anatwanga. Kesho aje na mchi."

Wakacheka mpaka mwingine akamwaga korosho zake. Nilicheka nao.

Wakati wa kurudi nyumbani, rafiki yangu Mwanahawa aliniambia nisihuzunike, ubaya si wangu, ubaya ni wa jiwe. Jiwe lina nundu. Alikuwa amemwona mama yake mdogo akibangulia kipande cha chuma bapa, korosho zinatoka nzima kama mayai. Chuma cha namna hiyo, alisema, kimejaa relini.

Nikamwambia kabari haziguswi, Mjomba amekataza.

"Tunaazima," alisema Mwanahawa. "Kuazima si kuiba. Alhamisi jioni tunachukua, Ijumaa jioni tunarudisha, toroli lenyewe Ijumaa halitembei. Nani atajua?"

Nilijua ni vibaya. Siwezi kusema sikujua. Lakini nililiona rundo langu dogo, nikasikia kile kicheko, nikakubali.

Alhamisi, wasukumaji walipokwisha kuondoka, tulikwenda kwenye kona ya mikandaa. Hapo maji makuu ya bahari yalifika na kuacha tope, na chumvi ilikuwa imekula chuma kuliko sehemu nyingine. Mimi nilisimama juu ya tuta kuangalia watu. Mwanahawa alichuchumaa na jiwe, nikawa nasikia tu anavyogonga nyuma yangu. Alitoa kabari tatu kutoka reli ya nje, taruma kwa taruma: moja yake, moja yangu, moja ya Sharifa ili asije akatusema. Tukazifunga kwenye kanga.

Korosho zilitoka nzima. Ijumaa mchana nilipeleka sahani imejaa, nyeupe, zimepangana, na Mwalimu Modesta akaniambia mikono yangu imejifunza. Sharifa alinyamaza, maana naye sahani yake ilikuwa imejaa.

Tulikubaliana mimi na Mwanahawa kuzirudisha jioni, wanaume wakiwa msikitini. Lakini nilipokwenda kwao nilikuta mlango umefungwa. Jirani aliniambia wamepata lori ghafla, wamekwenda Rahaleo, Mtwara mjini, kumtazama shangazi yao mgonjwa, watarudi Jumapili. Kabari yake nilipekua uani nikaikuta chini ya kinu, alikonifichia. Ya Sharifa nikaipitia kwao. Nikaenda peke yangu.

Nilipofika kwenye kona tope lilikuwa limefunika mataruma. Nilifukua masikio matatu yasiyokuwa na kabari, nikashika kabari ya kwanza mkononi, nikasimama nikifikiri. Sikuwa nimeona Mwanahawa alivyozitoa. Nikayakumbuka maneno ya Mjomba: mkia hufuata mzigo. Basi, nikajiambia, kama mbuzi anavyotembea. Kichwa mbele, mkia unafuata nyuma. Kichwa kitazame ghalani, mkia ubaki upande wa majaruba. Ningefukua taruma la jirani ningeona. Sikufukua. Nilikuwa na hakika, tena nilikuwa na haraka.

Nilizipiga kwa jiwe mpaka mkono ukafa ganzi. Zikakaza. Nilizitikisa moja moja, hazikucheza. Nikazirudishia tope, nikanawa kwenye mfereji, nikaenda nyumbani moyo umetulia kabisa. Niliona nimelipa nilichoazima.

Kesho yake ndiyo siku ya wageni. Mjomba alikuwa amevaa kanzu yake safi, ameikunja kiunoni isiguse tope, na alikuwa na haraka maana wageni wangefika saa tatu. Tukapita reli. Ngi, ngi, ngi, zikawa zinalia vizuri. Tulipofika kwenye kona akagonga ya kwanza, akasimama. Akaigonga tena.

"Hii imelia kama mtu aliyemeza kitu," alisema. "Unaona nini hapo, Somoe?"

Nilikuwa na ufagio mkononi. Neno lilikuwa mdomoni, limefika hapa kwenye meno. Nikawafikiria wageni, nikaifikiria ile sahani, nikamfikiria Mwalimu Modesta.

"Hakuna kitu, Mjomba. Ni tope tu."

Alianza kuinama aipapase. Mgongo wake ulikuwa mgumu, alishika goti kwanza, mkono mwingine akauegemeza kwenye nyundo. Nikamwambia asijisumbue na kanzu yake, nimekwisha kutazama, iko sawasawa. Akainuka, akanigusa kichwani, tukaendelea.

Wageni walikuja, wakaonja korosho, wakasukuma toroli kwa zamu wakicheka. Mgeni mmoja alimshika Mjomba mkono kwa mikono miwili na kumsifu mbele ya kijiji kizima. Mjomba alinionyesha mimi, akasema sifa hizo tugawane. Watu wakapiga makofi. Niliinamisha uso, wakadhani naona haya.

Jumatatu toroli likapita. Jumanne likapita. Kila lilipokwenda na mzigo liliisukuma reli kidogo kuelekea ghalani, na kila reli iliposogea ilizivuta kabari zangu tatu kuelekea kwenye vichwa, kule zinakotokea. Hayo niliyajua baadaye.

Jumatano saa nne tulikuwa shamba la shule. Tulisikia kishindo, si kikubwa, kama gogo lililoanguka mbali. Kisha kelele za wanawake. Mwalimu Modesta alituamuru tukae, akakimbia. Mimi sikukaa.

Toroli lilikuwa limelala ubavu kwenye kona ya mikandaa. Magunia yalikuwa yamepasuka, chumvi imemwagika hadi kwenye maji. Reli ya nje ilikuwa imepinduka, imeacha mataruma yake. Na chini ya ukingo wa toroli alikuwa Athumani, kaka yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akisukuma upande wa nje siku hiyo. Watu wanane waliliinua. Hakulia. Alikuwa anauliza tu, tena na tena, kama mguu upo.

Mguu ulikuwepo, lakini goti lilikuwa si goti tena. Walimlaza kwenye kitanda cha kamba wakambeba hadi barabarani, na gari la kwanza lililopita likampeleka hospitali ya Mtwara. Mama alipanda naye jinsi alivyokuwa, na unga wa makopa ya muhogo mikononi. Athumani alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa anacheza mpira wa pembeni, akishika mpira watoto wote tunakimbia kando ya uwanja tukimfuata.

Siku ya pili Mzee Lipande aliitisha mkutano mbele ya ghala. Wengine walisema ni kutu, wengine walisema ni maji makuu. Ndipo mzee mmoja alipouliza kwa nini kijiji kinamwachia reli mtu asiyeona. Watu walimheshimu Mjomba, lakini kila mtu alikuwa amemwona Athumani akibebwa.

Mjomba alisimama. Nilikuwa nimekaa kati ya wanawake, nimejifunika kanga ya mama. Niliona sasa atanitaja. Atasema, niliuliza, nikaambiwa hakuna kitu.

"Jumamosi niligonga kabari za kona ile," alisema. "Moja haikunipendeza sauti yake. Nilipaswa kuinama, sikuinama. Kosa hilo ni langu."

Alikwenda mbele polepole, akaiweka nyundo miguuni pa Mwenyekiti, akarudi kukaa. Jina langu halikutoka mdomoni mwake.

Tangu hapo tulibaki wawili nyumbani, mimi na yeye. Nilipika ugali wa muhogo na kisamvu, akala kidogo, akanishukuru, akanawa. Hakuniuliza kitu. Njiani watoto walikuwa na mchezo mpya: mmoja anafumba macho, anapapasa kwa fimbo, wenzake wanamwongoza mpaka anaanguka shimoni. Nilipowakemea walinikimbia wakicheka. Mwanahawa alikuwa amerudi. Tulikutana kisimani tukatazamana, kila mmoja akajaza ndoo yake akaondoka.

Jumamosi ikafika. Nilikoroga uji. Mjomba aliamka mapema kama kawaida yake, akaunywa amesimama mlangoni, akaweka bakuli chini, akanyoosha mkono pembeni ya mlango mahali anapoegemeza nyundo. Mkono ukapapasa ukuta. Ukapapasa chini. Kisha akakumbuka. Akakaa kizingitini, mikono ameiweka juu ya magoti kama mgeni aliyekuja kungoja mtu.

Sikuweza tena. Nilikaa chini mbele yake, nikamwambia yote. Korosho, jiwe, kanga, Ijumaa, tope. Nikamwambia nilivyoelewa kuhusu kichwa na mkia, kama mbuzi. Machozi na kamasi vilikuwa vinanichuruzika na sikujifuta.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kwamba alijua. Jioni ileile ya ajali alikwenda kwenye kona, akapekua tope kwa vidole, akazipata kabari tatu, na kwenye masikio ya mataruma akagusa mikwaruzo mipya. Mikwaruzo ilikuwa upande usiofaa. Mtu wa reli hawezi kupigilia hivyo, na mtu mwovu asingejisumbua kuzirudisha. Akajua ni mkono wa mtoto, na akajua ni mtoto gani aliyemwambia asiiname.

"Mkia hufuata mzigo," nilisema, "si ndivyo ulivyoniambia?"

"Ndivyo. Maana yake mkia unatazama kule mzigo unakokwenda. Reli ikisukumwa inaibana kabari, kila siku inakaza zaidi. Wewe ukaziweka zitoke kila siku kidogo. Nilikufundisha kwa maneno ya gengeni, nikadhani umenielewa. Hilo nalo ni langu."

Nilimwuliza kwa nini hakunitaja mkutanoni. Alisema alikuwa akiningoja mimi mwenyewe. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Kuchukua kabari ni kosa, Somoe, lakini ungekuja siku hiyo ukaniambia, ningekugombeza na tungezirudisha wote. Kuzipachika vibaya si kosa la moyo, ni kutokujua, na kutokujua kunatibiwa kwa kuuliza. Kilichomvunja Athumani goti ni ile 'hakuna kitu'. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na nyundo mkononi. Uliposema hakuna kitu, ulinifumba macho yaliyokuwa yamebaki."

Baada ya hapo alinitaka nikaoshe uso, twende kwa Mzee Lipande. Aliniambia atasimama nyuma yangu lakini hatasema badala yangu.

Mwenyekiti aliwakusanya watu mchana huo. Nilisema mbele ya wote, wasukumaji, kina mama, na wale wenzangu wa darasani. Sauti ilikuwa inakatika, watu wakawa wanasogea kunisikia. Nilipofika kwenye kona na Mjomba alivyoanza kuinama, mama mmoja msukumaji alijiziba uso kwa kanga. Kabla sijamaliza, Mwanahawa alisimama nyuma kabisa akasema wazo lilikuwa lake na mkono uliozitoa ulikuwa wake. Sharifa hakusimama, alilia tu alipokuwa.

Sikuchapwa. Ningechapwa ingekuwa nafuu. Yule mzee aliyemwita Mjomba mtu asiyeona alivuka uwanja akamwomba radhi. Mzee Lipande aliitoa nyundo akamrudishia kwa mikono miwili. Wakaamua toroli lisitembee mpaka kila kabari ifunuliwe na kutazamwa, na siku mbili zilizofuata kijiji kizima kilikuwa relini, wakubwa na wadogo, Mjomba akiwaonyesha kwa kidole mkia unatazama wapi. Hata watoto wa darasa la kwanza walijua.

Athumani alirudi baada ya wiki tano. Goti lilikuwa limepona likiwa limenyooka, halikunjiki. Nilimsubiri akae kitandani, mama akiwa jikoni, nikamwambia. Aligeukia ukutani. Kwa siku tatu hakusema nami. Siku ya nne aliniomba maji, nikampelekea, akanywa nusu, akaniachia nusu. Hatukuzungumza habari hiyo tena, na uwanjani hakwenda tena.

Wiki zile tano nilikuwa nikibaki kutunza nyumba, sikupita reli. Jumamosi ya kwanza baada ya Athumani kurudi, niliamka mapema kuliko siku zote. Nilioga, nikajifunga vizuri, nikasimama mlangoni. Mjomba alikunywa uji wake, akachukua nyundo. Kwa mbali nikamwona mtoto wa jirani, Issa, anakuja na ufagio wa kwao.

"Mjomba," nilisema, "twende?"

Aliniwekea mkono kichwani, kama siku ya wageni. Mkono ulikuwa uleule, mzito na wenye mabaka.

"Nimekusamehe, mwipwa wangu. Nilikusamehe siku ileile uliyoniambia, na chakula chako nakila kwa moyo mweupe. Lakini nikigonga kabari na kuuliza unaona nini, nataka nisilifikirie jibu mara mbili, maana watu wanapita pale. Msamaha mtu anaweza kuutoa asubuhi moja. Kuaminiwa kunakwenda polepole, na wewe ndiye utakayetembea nako. Anza hapa nyumbani. Sema kweli kwenye vitu vidogo, hata vile ambavyo hakuna anayeuliza."

Nikasema ndiyo, Mjomba. Akaondoka na Issa, wakateremka kuelekea kwenye majaruba.

Nilisimama mpaka wakapotea nyuma ya mikandaa. Kisha Athumani akaniita kutoka ndani. Alitaka kujua kama nimemwekea maji ya moto ya kukandia mguu. Nilikuwa nimesahau.

"Sijaweka," nilimwambia. "Nilisahau. Nakuja kuyaweka sasa."